Saratani ya ulimi na shingo isiyo na uvimbe: kusubiri, kupiga picha au kutoa tezi mapema?

"Daktari mwanangu, kinachouma ni ulimi. Shingo yangu imekosa nini?"

Bibi aliyeniuliza hivyo alikuwa ametoka Pemba na bintiye. Ukingo wa kulia wa ulimi wake ulikuwa na kidonda ambacho kwa miezi mitano kilitibiwa kama mchubuko wa jino lililovunjika. Nilimpapasa shingo mara mbili, sikukuta kitu. Hata hivyo nilikuwa namweleza kwamba siku tutakayokata ulimi, huenda tukafungua na shingo. Swali lake huulizwa na karibu kila familia, na wana haki ya kuliuliza. Shingo haijavimba, haiumi, ultrasaundi haijaonesha cha kutisha. Kwa nini iguswe?

Iguswe kwa sababu saratani ya kinywa, hasa ya ulimi na ya sakafu ya kinywa, huhamia kwenye tezi za shingo kimyakimya. Kati ya wagonjwa wenye uvimbe mdogo na shingo inayoonekana safi, takriban wawili hadi watatu katika kila kumi tayari wana seli za saratani ndani ya tezi, ila ni chache mno kuonekana. Na tezi zikishaingiliwa, nafasi ya kupona hupungua karibu nusu. Hakuna jambo jingine katika ugonjwa huu linalobadilisha hatima ya mgonjwa kiasi hicho.

Kwa hiyo tunabashiri. Tunazo njia kadhaa za kubashiri, na baada ya hapo njia tatu za kutenda. Nitaziweka ubavu kwa ubavu kama ninavyowaeleza watu kliniki, na nitasema wazi ninakoelemea.

Vidole na ultrasaundi

Kupapasa ni bure na kunafanyika hata zahanati. Mgonjwa anakaa, mimi nasimama nyuma yake, namwomba ainamishe kidevu kidogo ili misuli ilegee. Ncha za vidole zinapita chini ya taya, zinarudi chini ya sikio, kisha zinashuka taratibu kando ya msuli mkubwa wa shingo hadi juu ya mtulinga. Tezi ya kawaida huteleza chini ya kidole kama punje ya choroko. Yenye saratani huwa ngumu kama kokoto, haisogei vizuri, na mara nyingi haiumi hata ukiibonyeza. Hilo la kutouma huwapoteza watu wengi, kwa sababu tumezoea kwamba kisichouma hakina neno. Kwenye shingo mara nyingi ni kinyume: tezi inayouma ina maambukizi, ile kimya ndiyo ya kuogopa.

Udhaifu wa kidole ni kwamba hakifiki mbali. Tezi ya milimita 8 iliyojificha nyuma ya msuli haishikiki, na shingo nene humdanganya hata daktari aliyekaa kazini miaka 20.

Ultrasaundi hukipita kidole kwa mbali, na bei yake bado mtu wa kawaida anaifikia. Si ukubwa tu unaotazamwa. Tezi yenye afya ina umbo la harage na katikati yake kuna mstari mweupe wa mafuta, pale damu inapoingilia. Tezi iliyoingiliwa huelekea kuwa mviringo kama gololi, ule mstari mweupe unapotea, na mishipa ya damu inaanza kuingia kutoka pembeni. Mpigaji akiona hivyo, anaweza palepale kupitisha sindano nyembamba huku akiitazama kwenye skrini, akavuta seli zikaenda maabara. Maabara ikisema kuna saratani, mjadala umekwisha: shingo inatibiwa. Ikisema hakuna, mjadala haujaisha, maana sindano inaweza kupita milimita mbili tu pembeni ya seli zenyewe.

Kasoro kubwa ya ultrasaundi ni kwamba inategemea mkono wa anayeipiga. Mtu anayepima wajawazito kuanzia asubuhi hadi jioni, hodari namna gani, hajawa mtaalamu wa shingo. Uliza tu, kwa adabu, kama anayekupima amezoea kupima tezi za shingo.

CT, MRI na PET-CT

Hapa ndipo familia nyingi huuza shamba. Nasema kwa uchungu kwa sababu nimewaona.

CT, picha ya eksirei inayounganishwa na kompyuta, ni ya haraka na inaonesha vizuri kama saratani imekula mfupa wa taya. Kwa tezi, msomaji wa picha huanza kushuku kipimo cha upana kikifika kama milimita 10, au akiona katikati ya tezi pameoza. MRI, picha ya sumaku, huutazama ulimi wenyewe vizuri zaidi, mipaka ya uvimbe na kina chake, na kwa hilo mimi huipenda. Ikiwezekana ipigwe kabla ya kukatwa kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara, kwa sababu kidonda kilichotoka kukatwa huvimba na picha ikasomeka kubwa kuliko ukweli. Lakini kwa swali la tezi ndogo zisizoonekana, MRI haiizidi ultrasaundi nzuri yenye sindano kwa kiasi ambacho bei yake ingekufanya utegemee.

PET-CT hutumia sukari yenye mionzi. Seli za saratani huila kwa pupa, hivyo zinang'aa kwenye picha. Inasaidia sana kwa ugonjwa uliokwisha kuenea, au pale tezi ya shingo imevimba na hatujui saratani ilianzia wapi. Kwa uvimbe mdogo wa ulimi na shingo tulivu, ina kasoro mbili. Kwanza, mashapo ya saratani yasiyofika milimita 2 ndani ya tezi hayali sukari ya kutosha kung'aa, na hayo hasa ndiyo tunayoyatafuta. Pili, tezi zenye kifua kikuu nazo hung'aa. Zenye maambukizi ya jino bovu hung'aa pia. Katika nchi zetu, ambako TB ya tezi ni jambo la kila wiki na meno mabovu yamejaa vinywani, picha inayomeremeta shingoni haitoshi kumhukumu mtu. Nimewahi kupokea mgonjwa aliyekwisha kuambiwa, kwa picha peke yake, kwamba saratani yake imesambaa shingo nzima. Sindano ilikuta TB. Alikuwa ameshaanza kugawa vitu vyake.

Hakuna picha hata moja kati ya hizi, iwe ya Dar, Nairobi au Mumbai, inayoweza kuona seli mia chache ndani ya tezi. Anayekuambia "picha imetoka safi, kwa hiyo shingo ni safi" amekupa nusu ya habari.

Kina, kwa milimita

Namba ninayoitafuta kwanza kwenye karatasi ya maabara si upana wa kidonda. Natafuta kina: saratani imezama kiasi gani kutoka usawa wa utando mzima wa kinywa kwenda chini. Mtaalamu wa patholojia huchora kichwani mstari kutoka utando wenye afya wa upande huu hadi wa upande ule, kisha anashusha timazi, kama la fundi mwashi, hadi seli ya mwisho kabisa chini.

Kina si sawa na unene, na ripoti nyingi huchanganya haya mawili. Uvimbe ulioota juu kama koliflawa unaweza kuwa na unene wa milimita 12 na kina cha milimita 3. Kidonda kilichochimbika, ambacho kwa macho kinaonekana chembamba, kinaweza kuwa na kina cha milimita 9. Huyu wa pili ndiye wa kuogopewa. Kadiri saratani inavyozama kwenye nyama ya ulimi ndivyo inavyokutana na mishipa mikubwa zaidi ya limfu, majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi, na ulimi wenyewe, kwa kusogea wakati wa kula na kuongea, huzisukuma seli kuelekea shingoni.

Kwa muda mrefu hatua za saratani ya kinywa zilipangwa kwa upana peke yake. Toleo la 8 la TNM, mfumo wa kimataifa wa kupanga hatua za saratani, lililoanza kutumika Marekani mwaka 2018, liliingiza kina rasmi: uvimbe wa chini ya sentimita 2 uliozama zaidi ya milimita 5 hauhesabiwi tena hatua ya kwanza, na kina cha zaidi ya milimita 10 huupeleka ule wa sentimita 2 hadi 4 hatua ya tatu.

Na bei yake? Kipande kilichokatwa kipo, hadubini ipo, rula ipo. Kinachokosekana ni mtu kuandika. Nimerudisha ripoti maabara mara nyingi kwa sababu imeandikwa tu "saratani ya seli bapa" na kuishia hapo. Wakati mwingine kosa ni letu wapasuaji: tumekata kinyama cha juujuu katikati ya kidonda, pale palipooza, na hakuna hadubini itakayotoa kina kutoka kipande ambacho hakina chini. Kinyama kizuri hukatwa ukingoni, kikichukua kidogo cha nyama nzima, na kiwe na kina. Hata hivyo kinyama hutoa kina cha pale kilipokatwa tu. Kabla ya upasuaji tunakadiria kwa MRI, kwa ultrasaundi ya ndani ya kinywa pale ilipo, au kwa kuushika ulimi katikati ya vidole viwili. MRI huelekea kuzidisha kidogo, na kipande kilichokaa kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, husinyaa, kwa hiyo usishangae namba mbili zikitofautiana kwa milimita moja au mbili.

Ripoti ileile ina mengine ya kuuliza: kama seli zimeonekana zikiuzunguka mshipa wa fahamu, kama zimeingia ndani ya mishipa ya limfu au damu, na kama mbele ya uvimbe kuna vikundi vidogo vilivyojitenga na kutangulia, mithili ya siafu waliotoka kwenye msafara. Kila moja ya dalili hizi huongeza uwezekano wa tezi kuingiliwa.

Vipo pia vipimo vya jeni, ambavyo Waholanzi wamevifanyia kazi kubwa, na programu za kompyuta zinazojumlisha umri, kina na muonekano wa seli kisha zikatoa asilimia. Navifuatilia kwa hamu. Lakini programu iliyofunzwa kwa wagonjwa wa mbali, wasiotafuna tambuu na wasio na TB shingoni, siwezi kuikabidhi uamuzi wa mgonjwa wangu wa Mombasa kabla haijapimwa kwa watu wetu.

Kusubiri au kutoa

Tuseme sasa umebashiri na shingo bado inaonekana safi. Njia ya kwanza ni kukata ulimi tu, kisha kuifuatilia shingo na kuipasua pale tezi itakapojitokeza. Njia ya pili ni kutoa tezi za upande huo siku hiyohiyo: zile za chini ya taya na za sehemu ya juu na ya kati ya shingo, yaani kanda ya 1 hadi ya 3, ambako ulimi hupeleka karibu limfu yake yote.

Kwa miaka mingi madaktari walibishana. Mwaka 1994 Wamarekani walipiga hesabu wakapendekeza mpaka: uwezekano wa ugonjwa uliojificha ukizidi asilimia 20, tibu shingo. Mpaka huo bado unatajwa, ingawa ulitokana na hesabu za karatasini. Ushahidi mzito ulitoka hospitali ya Tata Memorial, Mumbai, chini ya mpasuaji Anil D'Cruz, ukachapishwa mwaka 2015. Wagonjwa wenye saratani ya kinywa ya hatua za mwanzo na shingo safi, wengi wao ya ulimi, waligawanywa kwa bahati nasibu. Katika 500 wa kwanza kufuatiliwa, baada ya miaka 3 waliotolewa tezi mapema walikuwa hai asilimia 80, na waliosubiri asilimia 67.5. Walioishi bila ugonjwa kurudi walikuwa asilimia 69.5 dhidi ya 45.9.

Takwimu hizo zisome polepole. Kwa kila watu 8 waliotolewa tezi mapema, mmoja zaidi alikuwa hai. Na waliosubiri hawakuachwa bila uangalizi. Walikuwa wakirudi kliniki kupimwa. Tatizo ni kwamba tezi ilipojitokeza, mara nyingi ugonjwa ulikuwa umekwisha kupasua ganda la tezi na kutoka nje.

Mumbai si mbali nasi. Familia nyingi za Tanzania na Kenya hupelekwa India kutibiwa, na tambuu ya Lamu na Unguja, yenye popoo, chokaa na tumbaku, ni ndugu wa ile inayotafunwa kule. Popoo yenyewe, hata bila tumbaku, ilitambuliwa rasmi na shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa kuwa inasababisha saratani.

Utafiti huohuo ulionesha mahali ambapo kisu hakina faida iliyo wazi: kina kisichozidi milimita 3. Uwezekano wa tezi kuingiliwa uliruka kutoka asilimia 5.6 kwa kina cha milimita 3 hadi 16.9 kwa milimita 4. Milimita moja, upana wa ncha ya penseli. Ndiyo sababu nawasumbua watu wa maabara.

Kutoa tezi kuna gharama yake mwilini, na mgonjwa aijue kabla ya kusaini. Mshipa wa fahamu unaoinua bega unapita katikati ya eneo tunalosafisha. Hata tukiuhifadhi, kuushikashika tu kunaweza kuudhoofisha kwa miezi. Mama anashindwa kuanika nguo kwenye kamba ya juu, kufunga kilemba kwa mikono miwili, au kujitwika ndoo. Mshipa mwingine mdogo chini ya taya ukiumia, pembe ya mdomo inashuka na mate yanatoka. Wengi hurudi sawa wakifanya mazoezi ya bega kuanzia wiki za mwanzo, lakini mazoezi hayo mara nyingi hayaagizwi, na hilo ni kosa letu.

Tezi mlinzi

Njia ya tatu ni ya katikati. Dawa yenye mionzi kidogo hudungwa pembeni ya uvimbe, inafuata njia ileile ambayo saratani ingepita, na tezi ya kwanza kuipokea, tezi mlinzi, hutafutwa kwa kifaa cha mkononi kinacholia kikiikaribia. Inatolewa hiyo au na jirani zake wawili watatu, kisha maabara inaikata vipande vyembamba sana. Ikiwa safi, shingo inaachwa. Ikiwa na saratani, tezi nyingine zinatolewa.

Katika utafiti wa vituo 14 vya Ulaya, wagonjwa 415, njia hii iligundua asilimia 86 ya waliokuwa na ugonjwa, na walioambiwa wako safi, 95 katika 100 walikuwa safi kweli. Wafaransa wakailinganisha na upasuaji kamili, matokeo yakachapishwa mwaka 2020: baada ya miaka 2 ugonjwa haukurudi shingoni kwa asilimia 90.7 ya waliofanyiwa tezi mlinzi na 89.6 ya waliotolewa tezi zote, na mabega ya wale wa kwanza yalikuwa na hali nzuri zaidi miezi ya mwanzo. Wajapani walifika palepale mwaka uliofuata.

Ningependa kuitumia kwa kila mgonjwa anayefaa. Lakini inataka mnyororo mzima: dawa ya teknetiamu, ile yenye mionzi, inayopungua nguvu nusu kila saa 6, kamera yake, mpasuaji aliyefundishwa, na maabara iliyo tayari kukata tezi moja mara kadhaa na kuvipaka vipande vyake rangi maalumu. Pete moja ikikatika, unabaki na kovu dogo na jibu la uongo. Kwa saratani ya sakafu ya kinywa ina shida zaidi, maana mng'ao wa mahali palipodungwa huzifunika tezi zilizo karibu. Ukitibiwa mahali panapoifanya mara kwa mara, ichague bila kusita. Mahali panapotaka kuijaribu kwako kwa mara ya kwanza, hapana.

Nani achague nini

Bibi wa Pemba alikuwa na kina cha milimita 7. Kwake sikuwa na mashaka hata kidogo: ulimi na shingo siku moja. Tulitoa tezi 24. Moja ilikuwa na shapo la milimita 3 ambalo ultrasaundi haikuliona wala kidole changu.

Kina kikiwa milimita 4 na kuendelea, au kukiwa na seli zilizozunguka mshipa wa fahamu, msimamo wangu ni huo huo. Ukipasuliwa, uliza tezi ngapi zilipatikana. Wengi wetu tunataka zisipungue 18, vinginevyo huenda kusafisha hakukukamilika. Uvimbe ukikaribia mstari wa katikati wa ulimi, uliza habari za upande wa pili wa shingo pia, kwa sababu limfu ya hapo hutiririka pande zote mbili.

Kina kikiwa milimita 2, kisisubiriwe na mtu yeyote tu. Kisubiriwe na mtu anayeweza kurudi. Mwaka wa kwanza ni kila mwezi mmoja hadi mitatu, kwa kupapaswa na ultrasaundi, na mwaka wa pili usilegee, maana tezi nyingi zinazojitokeza baadaye hujitokeza ndani ya miaka hiyo miwili. Kijana anayeishi Temeke na ana bima anaweza. Mvuvi wa Mafia ambaye kila safari inamgharimu nauli ya boti na siku tatu za bahari, hata akiapa, nimeona jinsi maisha yanavyomshinda: mara ya kwanza anakuja, ya pili anapiga simu, ya tatu anarudi na uvimbe wa ukubwa wa limau. Kwa mtu kama yeye mwenye kina cha milimita 3, mimi humshauri atolewe tezi, nikijua kabisa kwamba huenda namtoa tezi zilizo safi. Wenzangu wengine hawakubaliani nami na tumebishana sana juu ya hilo.

Akikataa, simlazimishi. Namfundisha mkewe kupapasa: asimame nyuma yake, kidevu kiiname, vidole vipite chini ya taya hadi mtulinga, kila Ijumaa. Naandika namba ya simu ya kliniki kwenye kadi yake, na mkewe ananionesha kwa vidole vyake kwenye shingo ya mumewe mpaka niridhike kwamba ameelewa.